Jirani anapovuta sigara, Mkristo afanye nini?



Mpendwa msomaji, Dominika hii nataka tuzungumze jambo ambalo pengine hujawahi kulisikia likihubiriwa kanisani, lakini linawakosesha usingizi watu wengi wanaoishi katika nyumba za kupanga: moshi wa sigara ya jirani.

Majuzi nilikuwa Mitundu, huku kwetu Itigi, mkoani Singida. Baada ya Misa mama mmoja alinisubiri chini ya mwembe mpaka watu wakaisha. Hakuja kuungama. Alikuja kuomba ushauri, na ameniruhusu nisimulie habari yake bila kumtaja.

Anaishi katika nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati. Wengi wenu mnaifahamu nyumba ya namna hiyo: choo kimoja uani, luku moja ya kuchangia, na kuta zinazoishia usawa wa kenchi. Juu hakuna dari, ni bati tu. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anakuitikia. Chumba kinachopakana na chake anakaa mzee mmoja, dereva wa malori aliyestaafu, mgane, watoto wake wako mbali. Mzee huyu halali vizuri. Saa sita usiku anawasha sigara, saa nane anawasha nyingine, na alfajiri ya tatu. Moshi unapanda, unavuka juu ya ukuta, unashukia kitanda cha jirani.

Katika kitanda hicho amelala mtoto wa miaka minne mwenye pumu.

"Baba, mwaka huu nimekimbia naye kituo cha afya usiku mara mbili," aliniambia. "Mara ya pili mganga aliniuliza kama nyumbani kuna anayevuta sigara. Nikamjibu hakuna. Nilipokuwa narudi nikajiuliza kama nilisema kweli."

Nikamuuliza, "Huyo mzee umekwisha kuzungumza naye?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. "Nimwambie nini, Baba? Si anajua? Mimi nimekuja uniombee tu, Mungu amhamishe."

Kumbe kwa miezi minane alikuwa akizungumza naye kwa njia nyingine. Alikuwa akikohoa kwa nguvu makusudi. Alikuwa akibamiza mlango. Alikuwa akiimba nyimbo za toba usiku wa manane, sauti ikielekezwa ukutani. Mzee naye ni mwamini mwenzetu, wote wawili wa jumuiya ndogo ndogo moja. Ibada ya jumuiya ilipopangwa kufanyika chumbani kwa mzee, mama alisingizia ugonjwa. Na siku ile ile aliyonieleza haya, wakati wa kutakiana amani katika Misa, mzee alimgeukia akimpa mkono, yeye akajifanya anamfunga mtoto viatu. Dakika chache baadaye alikwenda kupokea Komunyo.

Hapo ndipo nilipoona kwamba moshi ule umekwisha kuvuka ukuta mwingine zaidi ya ule wa chumba. Ulianza kwenye mapafu ya mtoto, sasa umefika altareni.

Mpendwa msomaji, kabla hujamhukumu mama huyu, wala hujamhukumu mzee, acha nikueleze jambo langu mwenyewe. Nilivuta sigara kwa miaka 11. Nilianza nikiwa padre kijana katika parokia yangu ya kwanza, kwa upweke na kwa kuiga wakubwa. Nilivutia mezani, baada ya chakula, katika nyumba ya mapadre. Mama aliyekuwa akitupikia alikuja kazini na mtoto mchanga mgongoni. Kila nilipowasha sigara aliinuka akafungua madirisha, kisha akatoka nje na mtoto hata kama kulikuwa na baridi. Sikuelewa. Nilidhani anapenda hewa safi.

Aliyenifumbua macho ni katekista mzee. Alikuja jioni moja, akakataa chai mpaka kwanza aseme lililomleta. Akaniambia kwa upole kwamba mtoto wa yule mama anakohoa kila anaporudi kutoka kwangu, na akaniomba niwe navutia nje. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilianza kuona aibu. Watu zaidi ya kumi walikuwa wakiingia na kutoka katika nyumba ile, na hakuna aliyethubutu kuniambia, kwa sababu mimi ni padre. Waliita heshima. Mtoto ndiye aliyeilipia heshima hiyo.

Nimejifunza mambo mawili hapo. La kwanza, anayevuta hausikii moshi wake kama unavyousikia wewe. Pua yake imekwisha kuuzoea. Ukisema "si anajua", mara nyingi unakosea. La pili, kunyamaza kwetu si upendo kila wakati. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19, aya ya 17, kinakataza kumchukia ndugu moyoni, na papo hapo kinaamuru kumwonya jirani waziwazi, tusije tukabeba dhambi kwa ajili yake. Angalia jinsi mambo hayo mawili yalivyowekwa pamoja. Anayekaa kimya huku moyo unachemka hajashika amri hiyo. Amevunja nusu yake ya kwanza na ya pili.

Sasa, wapo watakaosema, "Padre, sigara ni starehe ya mtu, na chumba amekilipia kodi." Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama moshi ungelipa kodi ukabaki ndani ya chumba. Wataalamu wa afya wanatuambia kwamba moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na kama 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Mwaka 1981 daktari mmoja wa Japani, Takeshi Hirayama, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka mingi wanawake zaidi ya 90,000 wasiovuta sigara. Wale ambao waume zao walivuta sana walionekana kufa kwa saratani ya mapafu zaidi kuliko wale ambao waume zao hawakuvuta. Hawakuwahi kushika sigara mkononi. Walishiriki hewa tu.

Tangu hapo uchunguzi mwingi umefanyika katika nchi nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 1 wasiovuta sigara hufa kila mwaka kwa sababu ya moshi wa wengine. Kwa watoto, moshi huo huamsha pumu, huongeza nimonia na maradhi ya masikio. Mjamzito anayeuvuta anaweza kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Na hakuna kiwango kidogo kilichothibitika kuwa salama. Kufungua dirisha kunapunguza harufu, lakini hakuondoi madhara. Feni nayo inausambaza tu.

Kwa hiyo hapa hatuzungumzii tena starehe. Tunazungumzia amri ya tano, ile inayolinda uhai. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inaiweka tumbaku pamoja na chakula, pombe na dawa, ikitukumbusha kwamba fadhila ya kiasi inatutaka tuepuke kuzidisha katika vitu hivyo. Kanisa halijasema kwamba kila avutaye sigara yuko nje ya neema. Lakini Mtakatifu Paulo, alipowaandikia Wakorintho, waraka wa kwanza, sura ya 8, juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu, alikuwa tayari kuacha kabisa kula nyama kama ulaji wake ungemwangusha ndugu yake. Na nyama ile haikuwa na sumu! Ikiwa mtume alikuwa tayari kuacha chakula halali kwa ajili ya dhamiri ya ndugu, sisi tutashindwaje kutoka nje ya mlango kwa ajili ya mapafu ya mtoto?

Je, sheria inasemaje? Tanzania inayo Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, na mwaka 2007 nchi yetu iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku. Sheria hiyo inalenga hasa maeneo ya umma, na inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo wewe unayemtuma mtoto dukani akakununulie sigara moja, unamwingiza yeye na mwenye duka katika kosa. Lakini polisi hatakuja saa nane usiku kuhesabu sigara za mpangaji chumbani kwake. Pale mkono wa sheria unapoishia, ndipo ujirani unapopimwa.

Bwana wetu ametuachia utaratibu, katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, kuanzia aya ya 15. Tunaupenda sana tunapousoma, tunausahau tunapouhitaji. Hatua ya kwanza ni kwenda kwa ndugu yako, wewe na yeye peke yenu. Sisi hatua hiyo tunairuka. Tunaanza na majirani, tunakwenda kwa mwenye nyumba, tunamalizia kwenye kundi la simu, na mhusika anakuwa wa mwisho kupata habari.

Basi nenda mwenyewe. Usiende usiku moshi unapokuwa umekukaba, kwa maana hapo utasema kwa hasira. Nenda jioni, amekwisha kula. Msalimie kama unavyomsalimia siku zote. Kama ni wa kuamkiwa, mwamkie. Usimhubirie habari za saratani wala za jehanamu. Usimwambie aache sigara, kwa sababu huko ni kumwomba ashinde kwa siku moja vita ambavyo mimi vilinichukua miaka mitatu. Mweleze lililo kweli: mtoto wangu ana pumu, moshi unapita juu ya ukuta, usiku anabanwa. Kisha omba jambo moja analoweza kulifanya kesho: avutie uani, mbali na milango na madirisha. Na ukimaliza kuomba, nyamaza umsikilize.

Akikataa, hatua ya pili ni kwenda na mmoja au wawili. Chagua mtu anayeheshimiwa na wote wawili: mpangaji mkongwe wa nyumba hiyo, au mwenyekiti wa jumuiya. Ikishindikana, mwone mwenye nyumba, na ikibidi mwenyekiti wa kitongoji. Na ikishindikana kabisa, kuhama si kushindwa. Mwanzo sura ya 26 inatusimulia habari za Isaka aliyegombaniwa kisima cha kwanza, akachimba kingine. Akagombaniwa cha pili, akasogea mbele, hata akapata kisima ambacho hakuna aliyekigombania, akakiita Rehobothi, kwa sababu Bwana amempa nafasi. Najua kwamba kuhama kunadai kodi ya miezi kadhaa ambayo wengi hamna. Ndiyo maana nasema iwe hatua ya mwisho, na ndiyo maana jumuiya isimwache mama wa namna hiyo ahangaike peke yake.

Nawageukia na ninyi wenye nyumba. Unapokea kodi ya vyumba sita, na pumzi za vyumba vyote sita zinakutana chini ya bati lako. Kupandisha kuta mpaka juu, au kuweka dari, si anasa. Hakuzuii moshi wote, lakini kunampa kila mtu usiku wake. Na unapoandikiana mkataba na mpangaji mpya, unamweleza habari za luku, choo na usafi wa uwanja. Ongeza sentensi moja: hapa sigara huvutwa nje. Ni rahisi kwake kukubali kabla hajaingiza godoro kuliko baada ya ugomvi.

Kuna jambo gumu zaidi, na siwezi kulikwepa nikiandika kutoka huku. Ukanda wetu wa Manyoni na Itigi, kama wenzetu wa Sikonge, Urambo na Chunya, unalima tumbaku. Tunayajua mabani, tunajua kuni zinazoingia humo. Zipo familia zilizosomesha watoto kwa zao hili, na sehemu ya fedha hiyo imefika hata kwenye vikapu vyetu vya sadaka. Siwezi kusimama altareni nikamlaani mkulima anayetafuta ada ya shule, nami nimekula jasho lake. Lakini pia siwezi kunyamaza kwa sababu nimekula. Novemba 2017 Papa Fransisko aliamua kwamba kuanzia mwaka uliofuata sigara zisiuzwe tena ndani ya Vatikani, ingawa biashara ile ilikuwa ikiingiza fedha. Sababu iliyotolewa ilikuwa nyepesi kueleweka: faida inayogharimu uhai wa watu haiwezi kuwa halali. Yeye alianza na duka la nyumbani kwake. Sisi tuanze na korido zetu, na kumbi zetu za parokia ambamo kwenye sherehe za komunyo ya kwanza wajomba wanavuta huku watoto wenye nguo nyeupe wakizunguka mezani.

Kwako wewe unayevuta, nakuandikia kama ndugu aliyepita njia hiyo. Najua mkono unavyotafuta mfuko kabla akili haijaamka. Sikudharau. Kama unaweza kuacha, omba msaada wa mganga na wa sala. Nilianguka mara nyingi kabla sijasimama. Kama bado huwezi, leo unaweza kufungua mlango na kutoka. Hiyo ni sadaka ndogo, na Mungu anaiona, hasa usiku wa Juni kunapokuwa na baridi. Na jirani akikujia na ombi, usimjibu kwamba hiki ni chumba chako. Kaini naye, alipoulizwa alipo ndugu yake, alijibu kama mtu ambaye jambo hilo halimhusu.

Nimalizie na habari ya yule mama. Alinipigia simu wiki iliyopita. Alikwenda kwa mzee jioni, akabisha hodi, akasema yale matatu. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akamwambia, "Mwanangu, miezi yote hii nilidhani unanichukia bure. Mbona hukuniambia?" Halafu akaongeza, "Na mimi nina langu. Lile jiko lako la mkaa unaliwasha koridoni kila alfajiri, mlangoni pangu. Moshi wake naulala mimi."

Mama anasema alitamani ardhi ipasuke. Ni kweli, alikuwa akifanya hivyo, na hewa ya mkaa katika korido iliyofungwa inaweza kuua nyumba nzima. Alikuwa amekiona kibanzi akapita boriti. Sasa jiko linawashwa uani, na mzee anavutia chini ya mwarobaini, amejiwekea kigoda pale. Usiku wa baridi anasahau bado, na mama anagonga ukuta mara mbili, polepole, naye anatoka. Mwenye nyumba ameahidi dari baada ya mavuno, tutaona. Mtoto hajakimbizwa kituo cha afya tangu siku hiyo, ingawa ni wiki chache tu na pumu haina ahadi.

Dominika iliyopita, aliniambia, wakati wa kutakiana amani yeye ndiye aliyetoa mkono kwanza.

Mpendwa msomaji, huenda kwako si sigara. Huenda ni redio, ni maji machafu, ni kuku wa jirani. Lakini kama kuna ukuta ambao umekuwa ukiuimbia nyimbo za toba usiku, leo, ukitoka kanisani, kabla hujaivua nguo ya Dominika, kabisha hodi.